Unga wa Safari ya Jumatatu

Nianze na uongo wangu, maana bila huo nisingepata chumba, na bila chumba nisingekuwa na la kusimulia. Miaka ya mwisho ya tisini nilikuwa Durban, nasuka nywele katika saluni ya Wakongo katikati ya mji, na nilikuwa nalala godoro moja na wasichana wengine wawili, mmoja wao mpiga mateke hodari usingizini. Mwenye saluni alikuwa mama wa Bukavu mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokutakia heri. Alipochoka kuniona nikisinzia na kitana mkononi, akaamua kunitafutia pa kukaa.

"Iko chumba kule Chatsworth, kwa ba Zanzibari," aliniambia huku akichambua nywele za bandia. "Mama ule iko muzuri, anasali, hapendi makelele. One-fifty kwa mwezi. Lakini anapenda mutu wa kwao. Zanzibar na Tanzania si ni pays moja?"

Nikamwambia ni nchi moja, lakini mimi natoka Masasi, kusini kabisa, na Zanzibar sijawahi kuikanyaga.

"Donc utaikanyaga leo," akasema. "Akikuuliza, sema tu ndiyo."

Aliponiuliza nikasema ndiyo. Bibi mwenye nyumba alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwembamba, miwani yake imefungwa utepe pembeni, ushungi umebanwa kwa pini kubwa ya nepi. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, cha chuoni, na kilipomwishia alichomeka Kizulu au Kiingereza bila kusita. Aliniangalia toka viatuni hadi usoni, akauliza, "Wewe umetoka Zanzibar yenyewe, au jirani-jirani?" Nikasema yenyewe. Akanipa ufunguo na sahani ya maharage.

Kwanza nilishangaa tu kwamba Durban kuna Wazanzibari. Mimi ni mtu wa kuuliza, ni ugonjwa wangu tangu utotoni, nikaulizia mpaka nikaelewa. Wazee wao walikuwa watumwa waliokamatwa baharini na manowari za Kiingereza zaidi ya miaka mia iliyopita, wakapitishwa Zanzibar, wakashushwa Durban kufanya kazi. Waliishi Bluff, ng'ambo ya bandari, na msikiti wao na makaburi yao, hadi serikali ya makaburu ilipowahamishia Chatsworth, mtaa uliojengwa kwa ajili ya Wahindi. Nyumba ya Bibi ilishikana ukuta na ya Mtamil mmoja. Upande mmoja ulisikia adhana, upande wa pili kengele ya asubuhi ya sala zao, na huyo jirani na Bibi walikuwa wanaazimana kitunguu juu ya ua kila siku ya Mungu.

Bibi alikaa na binti yake, mama wa makamo aliyeshona mashati kiwandani Jacobs, ambaye alitoka kabla jua halijachomoza na kurudi miguu imevimba. Basi jioni mtu wa kuzungumza na Bibi nilikuwa mimi, na mazungumzo yenyewe yalikuwa Zanzibar. Wanakula nini? Harusi zao zikoje? Mvua inanyesha miezi gani? Nilikuwa na kumbukumbu ya rafiki mmoja wa sekondari aliyetoka Pemba, na kalenda moja niliyowahi kuiona ofisini kwa mtu. Nikatumia vyote. Vilipoisha nikaanza kukopa kwetu. Nikamwambia Unguja kuna milima ya mawe meusi, mikubwa, nyani wanakaa juu, na watoto wanapanda kuchuma matunda pori. Hiyo ni Masasi neno kwa neno. Bibi alisikiliza, akasonga ugali, akasema, "Milima. Hm." Nikaona nimeweza.

Aibu ilinijia polepole, kwa sababu kadiri nilivyozidi kumwongopea ndivyo nilivyozidi kuona mambo yake. Bibi alisonga ugali kwa kuuegemeza mwiko kwenye goti, kama bibi yangu mzaa mama. Alimfunga mtoto wa jirani mgongoni kwa fundo la upande wa kushoto, kama bibi yangu. Alinieleza kwamba nyumba ile itakuwa ya binti yake na mabinti wa binti yake, na mkwe akija atakuja na sanduku lake na adabu zake. Kwetu pia ndivyo. Halafu siku moja akaja mzee mwenzake, wakakaa kwenye ngazi ya nyuma, wakaanza kunong'ona. Nilikuwa nafua. Nikasimama na nguo mkononi, povu linanitiririka hadi kwenye kiwiko. Walikuwa wanasema Kimakua.

Kilikuwa Kimakua kilichochakaa, kimechanganyika na Kizulu, lakini nilielewa nusu nzima. Walikuwa wanamsengenya mtu fulani aliyeoa mara ya tatu. Ningeweza kugeuka pale pale nikasema, Bibi, mimi ni mwenzenu. Sikusema. Ningeanzaje kusema bila kukiri kwamba Zanzibar siijui? Na kulikuwa na jingine la ndani zaidi. Shuleni Masasi, aliyesema lugha ya nyumbani alivalishwa kibao shingoni hadi apatikane mkosaji mwingine. Nilikivaa mara nyingi. Nilipoondoka kwetu niliondoka na azma ya kutokuwa Mmakua tena, na sasa nimevuka nchi nzima kuja kuwakuta kwenye kamba ya kuanikia nguo. Nikaendelea kufua.

Mwaka ule watu walikuwa wanajiandaa kwa uchaguzi mkuu, wa pili tangu makaburu waachie madaraka. Mjini kila nguzo ya taa ilivishwa sura za wagombea, na pale penye robot, yaani taa za barabarani, karibu na saluni yetu sura zilipandana mpaka nguzo ikanenepa. Saluni nzima ilikuwa inabishana. Wakongo, ambao hawakuwa na kura hata moja, ndio waliobishana kuliko wote. Mteja mmoja Mzulu aliwauliza inawahusu nini.

"Eish, ma chérie," mama wa Bukavu akamjibu, "hapa hatuna kura, na kwetu iko vita. Kama hatuongee, tutafanya nini na mudomo?"

Nilicheka, halafu nikaona yeye hakucheka.

Nyumbani kwa Bibi siasa ilikuwa jambo moja tu. Ili upige kura ulihitaji kitabu kipya cha utambulisho, cha kijani, chenye ile mistari myeusi myembamba kama ya kwenye boksi la sabuni. Bibi alikuwa na kitabu cha zamani. Ndani yake, mahali pa kabila, makaburu walikuwa wameandika kwamba yeye ni Mwasia wa aina nyingine.

"Nilikwenda kulala Bluff Mwafrika," aliniambia, "nikaamka Chatsworth Mwasia. Hata kuoga sikuoga."

Katika uchaguzi wa kwanza, ule ambao dunia nzima iliona foleni zake, Bibi hakupanga foleni. Mumewe alikuwa anakata roho siku hiyo hiyo. Binti yake alikwenda kupiga kura akarudi mbio, na Bibi akabaki amemshika mgonjwa mkono, akisikia majirani wakipita barabarani wakiimba. Kwa hiyo alikuwa anakaribia miaka themanini na hakuwahi kupiga kura hata mara moja maishani mwake. Alilisema hilo bila kulia, akikuna nazi. "Nataka kuweka alama yangu moja," alisema. "Moja inanitosha. Baadaye wanizike."

Ofisini mjini wakamwambia kitabu kipya hakitoki bila ushahidi wa kuzaliwa. Na Bibi hakuzaliwa mjini. Baba yake alikuwa mpishi kwenye shamba la mzungu mmoja huko magharibi, chini ya milima ya Drakensberg, na yeye alizaliwa huko kabla mama yake hajamrudisha Bluff. Kama aliandikwa popote, aliandikwa katika mji mdogo wa huko. Binti yake aliomba ruhusa kiwandani akaambiwa akienda asirudi. Siku za kuandikisha wapiga kura zilikuwa zinayoyoma. Saluni hufungwa Jumatatu. Nikasema nitamsindikiza mimi, na nikiri kwamba sehemu kubwa ilikuwa udadisi wangu. Mwaka wa pili nilikuwa Durban na sikuwa nimeona hata ng'ombe.

Maandalizi yalichukua wiki. Shida kubwa ilikuwa ushungi. Huko bara miaka ile kijani kingeweza kukuletea matata upande huu wa mto na njano upande wa pili, watu walikuwa wameuana kwa siasa na hakuna aliyesahau. Bibi akatandaza shungi zake zote kitandani akaanza kuzichuja. Hii ya chama hiki, hii ya chama kile, hii ya bluu ya wazungu. Mwisho ikabaki ya kahawia, mbaya, aliyopewa msibani. "Kahawia bado haijapata chama," akasema, akaipiga pasi.

Jumapili baada ya alasiri nilikuwa jikoni naosha masufuria. Dirisha lilitazama uani. Nikamwona Bibi anatoka na bakuli la bati na kitu kwenye karatasi, anatazama kushoto, anatazama kulia, anachuchumaa nyuma ya pipa la maji. Akafungua ile karatasi. Ulikuwa unga wa mtama, ule wanaouita mabele. Akachota kwa ncha za vidole, akauacha uanguke kidogo kidogo mahali pamoja, na midomo yake ilikuwa inacheza.

Nilijua anafanya nini kabla akili haijaniambia. Bibi yangu kule Masasi, mtu wa nyumbani akitaka kusafiri, alikuwa anafanya hivyo hivyo. Unga unamwagwa taratibu huku waliokufa wanaitwa kwa majina, mmoja baada ya mwingine, mpaka unasimama kama kichuguu kidogo chenye ncha. Kisha unafunikwa hadi asubuhi. Ncha ikikutwa imesimama, unachukua mzigo wako unakwenda. Ikikutwa imemeguka, waliokufa wamekataa, unafungua mzigo unatoa nguo. Siku niliyoondoka kwetu hapakuwa na wa kunimwagia. Bibi yangu alikuwa amefariki, na mama aliona ni ushamba.

Bibi akainua macho akaniona dirishani.

"Bibi, unafanya nini huko?" nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejua lolote.

"Hayi, nawafukuza sisimizi," akajibu.

"Sisimizi wamezidi kweli," nikasema.

Akaufunika unga kwa bakuli, akajipangusa mikono, akapita karibu yangu. "Usimwambie imamu," alisema. "Wala binti yangu." Nikamwambia kwani imamu ana shida gani na sisimizi.

Asubuhi niliamka kabla ya wote, au ndivyo nilivyodhani. Giza lilikuwa linaanza kuachia, na mkoba wangu tayari uko mlangoni, na ugonjwa wangu ule ukanikamata. Nilitaka kuona. Nikatoka uani, nikachuchumaa nyuma ya pipa, nikainua ukingo wa bakuli.

Ulikuwa umeanguka. Upande mmoja wote ulikuwa umemeguka, ncha haipo, umebaki kama unga uliomwagwa na mlevi.

Nilijua kitakachofuata. Angetoka, angefunua, angeingia ndani kimya kimya akafungua furushi la mayai na sambusa alilotuandalia kwa njia, na kitabu cha kijani kingeishia hapo. Jumatatu nyingine ingekuwa wiki nzima baadaye, na ukaidi wa wafu nao ulikuwa haujulikani ukomo wake. Sijui kama nilimhurumia yeye au nililia safari yangu mwenyewe. Nadhani vyote. Nilirudi jikoni, nikachota unga kwenye mfuko wa mabele, nikapiga magoti.

Mikono ilikumbuka yenyewe. Dole gumba na vidole viwili, juu kidogo, usiharakishe. Lakini unga haumwagwi kimya, lazima uite mtu, na mimi wafu wa Bibi sikuwajua hata mmoja. Nikamwita wangu. Nikamwita bibi yangu mzaa mama kwa jina lake, kwa Kimakua, lugha niliyoiapia kwamba sitaisema tena. Nikamwambia, mwache mzee huyu aende. Sauti yangu ilinitia woga. Unga ukapanda, ukashika, ukatoa ncha. Nikaufunika nikaingia ndani kujifanya nachana nywele.

Punde Bibi akatoka. Kwenye upenyo wa pazia nilimwona anafunua bakuli. Aliutazama unga muda mrefu, mrefu kuliko unavyohitaji kutazama unga. Kisha akaingia, akavaa ushungi wa kahawia, akasema, "Haya. Twende."

Njia yote, ndani ya basi, sikufumba jicho. Tulipoipita Cato Manor, vibanda na nyumba mpya za matofali zimechanganyika mlimani, barabara ikaanza kupanda, na joto zito la Durban likabaki nyuma. Nilihesabu sura za wagombea nguzoni. Kila baada ya vilima kadhaa chama kilibadilika, mpaka nikawa najua nimeingia eneo jipya kwa rangi ya karatasi tu. Halafu sura zikaisha, zikabaki seng'enge, ng'ombe weupe wenye madoa, nyumba za duara zenye mlango wa bluu, na mwisho kabisa ile milima, imekaa mstari mmoja upande wa magharibi. Kwetu mlima ni jiwe moja linalojitokeza lenyewe. Hii ilikuwa ukuta. Nilimwuliza Bibi kama anaikumbuka, akasema alipoondoka alikuwa mgongoni.

Ofisi ilikuwa chumba kirefu chenye kaunta na viti vya mbao. Karani alikuwa dada wa Kizulu wa umri wangu. Akamsikiliza Bibi kwa heshima, akimwita gogo, yaani bibi kwa Kizulu, halafu akasema vitabu vya zamani viko stoo, stoo ina utando wa buibui, turudi wiki ijayo. Bibi akakaa na furushi lake magotini. Mimi sikuwa nasikiliza vizuri. Nilikuwa natazama misuko yake. Ilikuwa imesukwa na mtu wa nyumbani, ndugu bila shaka, na juu ya sikio la kulia mistari miwili ilikuwa inafumuka.

"Samahani, dada," nikamwambia kwa Kiingereza, "nani amekufanyia hivi?"

Akashika kichwa. Akasema ni shangazi yake, na Jumamosi ana harusi. Nikamwambia kwa hali ile haitafika Jumamosi. Nikamwonyesha vidole vyangu, nikamwambia kazi yangu. Ikafika saa ya chakula, akafunga kaunta, akakaa kwenye kiti cha mbao baina yangu na Bibi, na mimi nikafumua ile mistari miwili na miwili mingine iliyokuwa inafikiria kufumuka. Bibi akamlisha sambusa. Nilipomaliza akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akachukua ufunguo, akaenda stoo mwenyewe.

Alirudi na kitabu kikubwa kama meza, vumbi begani. Alipitisha kidole kwenye mistari kwa muda, kisha akakisimamisha. Mpishi, jina la baba, mtoto wa kike. Bibi akavua miwani akaivaa tena. Pale kwenye kitabu alikuwa ameandikwa Mwenyeji, maana yake Mwafrika, na alikuwa amezaliwa miaka miwili kabla ya ile aliyokuwa akiihesabu.

"Nimezeeka miaka miwili hapa hapa kwenye kaunta," akasema, na karani akacheka hadi akafuta machozi. Lakini Bibi hakuwa anatania tu. Aliweka kiganja juu ya ule mstari, akakiacha hapo, na karani hakumharakisha.

Ilibaki fomu. Bibi aliandika herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo sheria ilitaka aweke dole gumba na shahidi atie sahihi. Shahidi nilikuwa mimi. Karani akaomba pasipoti yangu, akaanza kunakili, na alikuwa mmoja wa wale watu wanaosoma kwa sauti wanachoandika. Akasoma jina. Akasoma namba. Akasoma, "Mahali pa kuzaliwa, Masasi."

Nilitazama sakafu. Bibi alikuwa ameshika dole gumba lake jeusi hewani, lisiguse nguo.

Hakusema kitu hata njiani. Aliniachia yai moja, akala lake, akatazama nje. Nyumbani vile vile. Nilingoja aniambie nihame, hakuniambia. Ila maswali yaliisha. Jioni hiyo na zilizofuata hakuna aliyeniuliza habari za Zanzibar, na nilishangaa jinsi nilivyoyataka yale maswali yarudi. Mara tatu nilijaribu. Nilianza kusema, "Bibi, kuhusu Masasi," na mara zote tatu akanisogezea sahani akasema, "Kula kwanza." Nikishamaliza kula, anakuwa ameshaenda kusali. Nilijiona mwizi ambaye mwenye mali anaendelea kumpikia, na hilo liliniumiza kuliko kufukuzwa.

Kitabu cha kijani kikaja kabla dirisha la kuandikisha halijafungwa. Binti yake alikileta, Bibi akaikagua ile mistari myeusi kwa kucha, akauliza kama imetosha. Akakifunga kwenye leso akakiweka ndani ya msahafu.

Siku ya kura ilikuwa ya baridi, baridi ya Juni ya Durban ambayo si kitu ila watu wote wamevaa makoti. Binti yake alikuwa amepanga foleni mapema, amalize awahi zamu. Mimi sikuwa mpiga kura, nilikuwa mbeba kiti. Foleni ilianzia mlango wa shule ikazunguka uwanja wa mpira ikatokea barabarani. Wasimamizi walikuwa wanawatoa wazee kuwapeleka mbele, walipomfikia Bibi akakataa. Alisema foleni hii imempita mara moja, leo ataikaa yote. Akakaa, na kila watu waliposogea hatua tano anasimama, nasogeza kiti, anakaa tena.

Mwanaume mmoja nyuma yetu alinisikia namjibu Bibi kwa Kiswahili. Akauliza, si kwa ubaya sana, "Na huyu wa nje naye anapiga kura?"

"Hapigi," Bibi akajibu kwa Kizulu bila kugeuka. "Ni mtoto wa kwetu. Amenibebea kiti."

Nikainama sikioni kwake nikasema haraka, nisije nikanyamazishwa kwa sahani, kwamba mimi si mtu wa Zanzibar, sijawahi kufika, nilidanganya kwa ajili ya chumba, naomba radhi.

"Zanzibar hakuna milima," Bibi akasema. "Mzee mwenzangu alikwenda. Anasema ni tambarare kama sahani."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua hujui. Hujui kwa ufundi sana, nikapenda kusikiliza." Akavuta koti. "Zanzibar ni jina la kwenye karatasi. Walitupitisha tu pale. Sisi ni Wamakua, nilitaka kuona wewe utasema lini kwamba umesikia. Siku ile kwenye kamba uliacha maji yakamwagika miguuni mwako."

Foleni ikasogea. Alisimama, nikasogeza kiti, akakaa.

"Ule unga," akasema, "nilikwenda kuutazama kabla ya alfajiri. Ulikuwa umeanguka."

Nikainama karibu zaidi.

"Nikaufunika. Nikaenda kutawadha nikisema basi, wamekataa, siendi, sitaweka alama mpaka nafukiwa. Nikasali nikiwa na hasira, Mungu anisamehe. Nilipotoka tena nikaukuta umesimama. Nikatazama alama za vidole. Vitatu. Binti yangu hajui, sikumfundisha, aliniambia ni mambo ya kijinga nikamwacha. Nilidhani nikifa mimi, unga umekwisha. Kumbe nina mtu ndani, analipa kodi." Akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo, miwani imeshuka puani. "Ulimwita nani?"

"Bibi yangu. Mzaa mama. Wako sikuwajua."

Tulisogea mara mbili, tatu. Tulikuwa karibu na mlango sasa, tunaona meza na masanduku ndani.

"Basi ndiye aliyenipeleka," alisema. "Nitajie jina lake vizuri, nisilikosee."

Nikamtajia. Akalirudia, nikamsahihisha sehemu moja, akalirudia tena. Alikwenda nalo mdomoni hadi kwenye meza, akatoa kitabu kwenye leso, wakamtia wino kwenye kucha ya lile dole gumba, akaingia kwenye kibanda cha karatasi ngumu. Mimi niliachwa nje, nimekumbatia kiti, namwona miguu tu. Alikaa humo muda mrefu. Msimamizi akasogea akauliza, "Gogo, unahitaji msaada?" Sauti ya Bibi ikasema hapana, bado anaita watu.

Alipotoka nilikuwa nalia, na sikujisumbua kuficha. Akaniuliza kama kiti kinanilemea. Nikasema hakinilemei. Njiani kurudi tulipitia dukani kununua unga wa mabele, kwa sababu uliokuwepo ulikuwa umebaki kidogo.